Wino wa Zambarau kwa Macho Mawili ya Mzee Kitwana

Vijana wangu, juzi mjukuu wangu Salha alikuja na wenzake, wakanipa shikamoo zao kwa adabu, wakakaa, kisha wakatoa kalamu za wino. Nilidhani wameziokota. Kumbe wamezinunua, tena kwa kuagiza, na sasa wanabishana ni wino upi wa zambarau ulio bora. Wanapiga picha miandiko yao, wanaiweka mtandaoni, na watu wasiowajua wanawapa makopakopa. Mimi niliuza wino Kariakoo mpaka nikastaafu na hakuna aliyenipa kopa hata moja.

Swali lao, na lenu pia, ni zuri. Nitalijibu, ila jibu lake lina mzee ndani yake, na nikimruka huyo mzee jibu halisimami.

Duka letu lilikuwa karibu na soko, katikati ya muuza vitenge na muuza mabomba ya maji. Mwenye duka aliitwa Mzee Kitwana, mtu wa Ilala tangu babu zake, mgane, mwembamba, mwenye kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata kwenye joto la Februari. Mimi nilitoka Lindi nikafikia kwa shangazi, na shangazi ndiye aliyenipeleka kwake kuomba kazi. Aliniuliza swali moja tu: wino ukimwagika mezani, unafanya nini? Nikasema ninafuta. Akasema hapana, kwanza unainua vitabu. Lakini aliniajiri, kwa sababu wenzangu wote waliotangulia walijibu kwamba wataita watu.

Alinifundisha kulinganisha wino kama mama anavyomfundisha binti kuchagua samaki, yaani kwa kuchokonoa na si kwa kumsikiliza muuzaji. Usiuhukumu wino ndani ya chupa, alisema. Ndani ya chupa kila zambarau ni nyeusi, kama watu wote walivyo wema msibani. Wala usiuhukumu chini ya taa ya tyubu. Nenda mlangoni kwenye mwanga wa mchana, andika mstari, usubiri ukauke. Wino mbichi ni uchumba, mkavu ndiyo ndoa. Kisha dondosha tone la maji juu yake. Zambarau ni bluu na nyekundu walioshikana mikono, na maji huwaachanisha: mmoja anakimbia mbele, mwingine anabaki nyuma, na hapo unajua nani alikuwa mwingi. Mwisho, funika nusu ya karatasi kwa kipande cha boksi, ibandike dirishani, usahau. Ukija kuikumbuka, jua la Dar litakuwa limeshatoa hukumu yake.

Chupa zilikuwa na majina marefu ya kigeni, sisi tuliziita kwa makwao. Mhindi alikuwa zambarau ya kiza, mwenye harufu ya dawa ya kidonda, anayekauka taratibu kiasi kwamba mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto hakuwa na sababu ya kumnunua. Mjerumani alikuwa mpole, wa katikati, hana makuu. Mjapani, akikauka, alitoa mng'ao wa dhahabu pembeni mwa herufi, na wateja walimtazama sana kabla ya kununua mwingine. Mchina alikuwa na uwaridi mwingi. Mzee alimwita mpiga debe, kwa sababu ulimsikia ukiwa bado barabarani.

Na usichanganye wino wa aina mbili ndani ya kalamu moja. Niliwahi kumimina Mhindi juu ya mabaki ya Mjapani kwenye kalamu ya katibu wa parokia. Ukaganda kama maziwa yaliyolala. Mzee aliifungua kalamu, akaiosha kwa maji baridi mchana kutwa, maana ya moto huipinda, wala hakunigombeza. Alisema tu kwamba hata watu wawili wazuri si lazima wapange chumba kimoja. Katibu wa parokia aliandika kwa penseli wiki ile, na sikusikia kwamba imani ya mtu ilitetereka.

Basi nilikuwa nimeshazeeka kidogo kazini, nina watoto wanaosoma, Mzee alipoanza kulalamika kwamba viwanda vinachakachua wino. Mjerumani, alisema, siku hizi ni maji ya kijivu. Mhindi amekuwa kahawia. Mjapani akamvua cheo kabisa. Aliyebaki mwaminifu, kwa maneno yake, ni Mchina peke yake, na kila mteja aliyeuliza zambarau akapewa huyo. Wateja, kwa heshima, wakanunua. Kulikuwa na wakili mmoja wa mitaa ya Posta aliyesaini kwa zambarau ili nakala halisi isichanganywe na fotokopi. Mwaka ule alisaini mirathi za watu kwa rangi ya pipi.

Mimi nilimtazama Mjerumani mlangoni, nikaona ni yule yule. Nikanyamaza. Mtu aliyekuajiri, akakufundisha, na anayeweza kukuzaa, humwambii kwamba rangi ziko palepale. Unapanga bahasha.

Hapo ndipo alipoingia Bi. Zena. Alikuwa mjane, muuza mitumba wa Mchikichini, pazia na magauni ya watoto, na kitindamimba wake Rehema alikuwa anaolewa. Alikuja na kipande cha kitambaa cha sare, zambarau iliyoiva vizuri, akataka majina ya waalikwa yaandikwe kwenye kadi kwa rangi ile ile na kwa mkono wa Mzee Kitwana, si mwingine. Mwandiko wa Mzee ulikuwa umetulia kiasi kwamba watu waliendelea kutunza kadi hata ndoa ikishavunjika. Nikakilinganisha kitambaa mlangoni, nikasema ni Mjerumani huyu. Mzee akakubali kwa kunihurumia.

Aliandika kadi zile kwenye meza yake ya nyuma. Shule zilikuwa zinafunguliwa, mimi nimezingirwa na wazazi wanaotaka madaftari, sikupata hata nafasi ya kugeuka. Mezani kwake, karibu na Mjerumani wa zambarau, ilikuwepo chupa ya Mjerumani mwingine wa bluu nyeusi. Ni ndugu, chupa zao zinafanana. Mzee akachovya huku, mara akachovya kule. Kadi zikakauka, zikaingia kwenye bahasha, Bi. Zena akazichukua.

Kesho yake asubuhi alirudi nazo. Alikuja kugombana. Kitenge cha pili alikuwa amekifunga kiunoni. Akaweka kadi mbili juu ya meza, akasema taratibu, kama mtu anayeokota jiwe:

"Mzee Kitwana, hizi kadi zina rangi mbili."

Mzee akazichukua, akaenda nazo mlangoni kama ilivyo kanuni. Akaitazama moja, akaitazama nyingine, akazigeuza kwenye mwanga. Akarudi.

"Bi. Zena, hii ni rangi moja," akasema. "Imefifia kidogo, lakini hilo ni la kiwandani."

Kadi moja ilikuwa zambarau kama biringanya. Nyingine ilikuwa bluu, bluu ya sketi ya shule. Muuza mabomba, aliyekuwa amesogea kuufaidi ugomvi, aliziona zote mbili, akarudi kwenye mabomba yake bila kusema kitu. Na si mtu wa kunyamaza.

Bi. Zena alimtazama Mzee machoni. Kisha akakifungua kile kitenge kiunoni, akakikunja, akakiweka begani. Akasema labda ni taa za kwake, hazimulikii vizuri. Akaomba maji ya kunywa.

Nilimsindikiza nje. Akaniambia kwamba mama yake alianza hivyo hivyo. Alikuwa akisema khanga za siku hizi zote za kahawia, nao wakamwacha aseme, mpaka siku alipommiminia mgeni chai mapajani.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Unatibika. Mwambie."

Nikamwambia sithubutu.

"Basi nitamwambia mimi. Ila niache nimwoze Rehema kwanza."

Kuhusu zile kadi, mkitaka kujua, za zambarau aliwapa watu wa upande wake, na za bluu akazipeleka kwa upande wa bwana harusi, akawaambia kila familia ina rangi yake. Upande wa bwana harusi hawakuwa na rangi. Wakaona wameheshimiwa, wakashona sare za bluu. Nilikwenda kwenye ile harusi. Ukumbi ulipendeza sana, watu wakauliza mpambaji ni nani.

Wiki iliyofuata Bi. Zena alikuja na kibakuli cha vitumbua, akamkuta Mzee amepumzika baada ya adhuhuri. Hakuzunguka. Akamweleza kadi zilivyokuwa, na alivyozigawa. Kisha akasema, "Wino ni mzima, Mzee wangu. Macho yako ndiyo yamechakachuliwa."

Mzee akasema macho yake hayana neno, na kila alfajiri anasoma msahafu.

"Unasoma, au unakumbuka?"

 Mzee alikula kitumbua kimoja mpaka mwisho, akafuta vidole, akaniomba nifunge duka. Jua lilikuwa bado kali na wateja wapo. Nikafunga.

Siku zilizofuata alikuwa kama mtu aliyefiwa ambaye hajaambiwa afanye matanga wapi. Anashika chupa, anairudisha. Siku moja akaniuliza kama na mimi nilijua. Nikasema nilijua rangi hazijabadilika, ila sikujua kilichobadilika ni nini. Akatikisa kichwa. Kilichomuuma, alisema, si macho. Ni kwamba watu walikuja kwake wanataka ukweli kuhusu kitu kidogo, kitu ambacho hakuna mwingine mjini anayejishughulisha nacho, naye akawapa uongo kwa sauti ya uhakika. Na upasuaji aliuogopa. Akanieleza kwa utaratibu kabisa, kama anayenifundisha namna ya kufungasha: mtu asiyeona zambarau bado anauona mlango. Kisu kikiteleza, na mlango nao umekwenda.

 Nikampelekea maneno hayo Bi. Zena kule Mchikichini, nikamkuta amepiga magoti juu ya robota, anachambua. Akasema asiwe na wasiwasi, atampeleka yeye, na atakaa naye nje mpaka aingie, na atakuwepo akitoka. Alisema hivyo huku ananusa pazia. Kwa hiyo sikulitilia maanani.

Walienda hospitali ya macho. Daktari aliwaambia yote mawili yameiva, ila atafanya la kulia kwanza, na la kushoto wiki kadhaa baadaye. Wakamtoa kile kioo kilichochafuka ndani ya jicho, wakamwekea kingine kidogo cha plastiki. Kisu hakikuteleza.

Aliporudi dukani alikuwa amevaa miwani mieusi, anatembea kama mgeni rasmi. Hakukaa. Akaenda mlangoni, akaniambia nilete zambarau zote na karatasi nzuri. Nikaandika mstari mmoja mmoja kwa kila wino, tukasubiri ukauke. Akavua miwani. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja.

Alitazama muda mrefu sana. Kulikuwa na mteja anataka gundi, akaondoka. Mzee akanyoosha kidole kwenye mstari wa Mjerumani, akasema, "Huyu hapa." Kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Kisha akafika kwa Mchina. Akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Tumewauzia watu hii?"

Nikasema tumewauzia.

"Wakili naye?"

Wakili naye.

"Wakasemaje?"

Nikasema walishukuru. Akafikiri. "Heshima nyingine ni mbaya sana," akasema, akavaa miwani yake.

Mngedhani habari inaishia hapo. Lakini Mzee aligundua jambo. Akifunika jicho la kushoto, anaona zambarau kama mnavyoziona nyinyi. Akifunika la kulia, anaziona kama alivyokuwa akiziona zamani, za kahawia na za kijivu, na Mchina peke yake ana rangi. Akaanza kuzilinganisha upya zote tulizokuwa nazo, jicho kwa jicho. Asubuhi la kulia, jioni la kushoto. Wateja walimkuta amefunika jicho moja, wakampa pole.

Na alikuwa na hoja. Wateja wetu wengi, alisema, ni wazee. Wastaafu, masheikh, walimu wa zamani. Wao wanaona kwa jicho la kushoto bila kujua. Ukimuuzia Mjerumani anadhani umemuuzia maji. Kwa hiyo akatenga rafu mbili. Na hili ndilo jibu lenu, andikeni: kama macho yako ni mabichi, chukua Mjerumani, hatakuchosha, na mvumilie akikauka. Kama unamwandikia bibi yako, chukua mpiga debe, kwa sababu bibi atauona. Mjapani ni wa kutazama. Mhindi ni wa mtu mwenye subira na mkono wa kulia. Na kama unaandika kitu unachotaka kisomeke baada yako, usitumie zambarau kabisa. Katika zile nilizobandika dirishani miaka yote, sikuona hata moja iliyolishinda jua.

Tatizo ni kwamba wiki za daktari zilipita na Mzee hakwenda. Bi. Zena akaja kuuliza. Mzee akasema bado hajamaliza rafu ya pili, na wakishamtoa jicho la zamani hataweza tena kujua wazee wanaona nini. Bi. Zena akaondoka. Akarudi wiki nyingine, akajibiwa vilevile. Akawa anakuja kila wiki, anakaa kwenye stuli karibu na mlango, anakunywa kahawa, anamkumbusha. Mzee alianza kuchana ndevu kabla hajafika. Mimi nilipanga bahasha.

Ubaya wa macho yasiyokubaliana ni kwamba hujui kitu kiko umbali gani. Siku moja Mzee alivuka barabara kwenda msikitini akidhani guta la magurudumu matatu lililobeba majora ya vitambaa liko mbali. Halikuwa mbali. Dereva alikata usukani, guta likamsukuma Mzee bega, akaanguka, na majora yakamfunika. Tulimfukua mimi na muuza mabomba. Hakuvunjika kitu, alikuwa na michubuko ya kiwiko na goti. Alipotoka chini ya vile vitambaa alisema kimoja ni zambarau nzuri. Nilimshika mkono kumrudisha dukani, nikajikuta ninalia, kitu ambacho si kawaida yangu.

Bi. Zena alipata habari kabla ya alasiri. Mchikichini habari hazihitaji simu. Aliingia, hakusalimia, akasimama mbele ya Mzee aliyekuwa amekaa na bandeji kwenye kiwiko. Nilijua leo kile kitenge kitafungwa kiunoni. Lakini alisimama tu. Alikuwa amekimbia, anahema.

Mzee akafunika jicho la kushoto, akamtazama. Akabadilisha mkono, akafunika la kulia, akamtazama tena, muda uleule. Akashusha mkono.

"Kila kitu Kariakoo hii siku hizi kina sura mbili," akasema. "Wewe tu ndiye mwenye moja. Nimekulinganisha tangu wiki ile ya kwanza, Zena. Hubadiliki."

 Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Muuza mabomba, aliyekuwa ameleta maji, aliweka jagi chini.

Bi. Zena aliomba stuli, nikampa. Akakaa, akajipepea kwa daftari la hesabu la mtoto wa mtu. Akatazama rafu zote mbili, akamtazama Mzee, vile vifungo mpaka shingoni na ile bandeji.

"Jumatatu twende ukamalizie hilo jicho," akasema. "Siolewi na mtu anayenitazama kwa zamu."

Jumatatu walienda.